UZI: Mlipuko ukitokea, tuanze na orodha ya wagonjwa kabla ya modeli

#1 Mchambuzi wa Ziwa (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Mlipuko ukitangazwa, kesho yake tu watu wanauliza modeli (hesabu za kompyuta zinazokadiria mlipuko unakoelekea) inasemaje na dashibodi iko wapi. Mimi naanzia chini zaidi. Wilaya ikishindwa kusema kama wagonjwa wanaongezeka au wanapungua, na ni mtaa gani, mara nyingi tatizo liko kwenye orodha ya wagonjwa, na ndani ya orodha liko kwenye tarehe. Mafunzo ya sayansi ya data kwa watu wa afya yaanzie hapo, modeli zifuate.

Natumia kipindupindu cha ukanda wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Kigoma hadi Bujumbura na Uvira upande wa Kongo, kwa kuwa wengi humu mnakifahamu. Wenye uzoefu wa Ebola na Marburg waongezee.

Orodha: mstari mmoja, mgonjwa mmoja. Safu 15 zinatosha siku ya kwanza: namba ya mgonjwa, jinsi, umri, kipimo cha umri (miaka au miezi), kijiji au mtaa, kitongoji, tarehe dalili zilipoanza, tarehe ya kufika kituoni, tarehe taarifa ilipoingizwa, hali ya upungufu wa maji alipofika (A hakuna, B kiasi, C mkali), kipimo cha haraka (chanya, hasi, hakikufanyika), chanzo cha maji ya kunywa, kituo alikolazwa, matokeo (amepona, amefariki, bado yupo, ametoroka) na tarehe ya matokeo. Majina na namba za simu vikae kwenye faili lingine lenye nywila, vikiunganishwa kwa namba ya mgonjwa tu.

Usitumie rangi kama taarifa. Karani akipaka njano waliofariki, siku faili linapohamishiwa programu nyingine rangi zinapotea, na vifo vinapotea nazo. Usiunganishe seli. Usiache wazi: wazi inaweza kumaanisha "hapana", "hatujui" au "hatukuuliza", na hayo ni mambo matatu tofauti.

Sasa tarehe, maana hapa ndipo kazi inapoharibika kimyakimya. Kompyuta ikiwa na mpangilio wa Marekani, ukiandika 03/04/2025 ukimaanisha tarehe 3 Aprili, Excel inasoma Machi 4 na haikuonyi. Ukiandika 17/04/2025, hakuna mwezi wa 17, basi inaiacha kama maandishi. Kwa hiyo wagonjwa wa tarehe 1 hadi 12 wanatawanyika kwenye miezi isiyo yao, na wa tarehe 13 kuendelea hawaingii kwenye grafu kabisa. Utaitambua kwa macho: tarehe iliyosomwa hukaa upande wa kulia wa seli, iliyobaki maandishi hukaa kushoto. Panua safu, shuka nayo taratibu, utaona mchanganyiko. Kinga yake ni kuandika 2025-04-03, au kuwa na safu tatu za siku, mwezi na mwaka zinazounganishwa baadaye kwa fomula. Ukikuta namba kama 45658 mahali pa tarehe, data haijaharibika: hiyo ni tarehe 1 Januari 2025 kwa hesabu ya ndani ya Excel.

Kila jioni kabla ya kuchora chochote, pitisha ukaguzi huu: dalili zisiwe baada ya kufika, kufika kusiwe baada ya kuingizwa, matokeo yasiwe kabla ya kufika, tarehe yoyote isiwe ya kesho. Kwa kipindupindu, ikipita zaidi ya siku 5 kati ya dalili na kufika kituoni, piga simu uulize. Inawezekana, lakini mara nyingi ni mwezi uliokosewa.

#2 Bi Mkunga

Mleta uzi, umesema vyema, ila kuna mambo mawili ya wodini.

La kwanza ni saa. Muda wa kuatamia wa kipindupindu, yaani tangu kuambukizwa hadi dalili, ni kuanzia saa chache hadi siku 5, kwa hiyo nusu siku ina uzito. Mgonjwa akisema kaanza kuharisha "saa nane usiku wa kuamkia Jumatano", mwingine anaandika Jumanne 8:00, mwingine Jumanne 20:00. Sahihi ni Jumatano 02:00. Weka kwenye fomu visanduku vinne tu: alfajiri hadi asubuhi, mchana, jioni hadi saa sita usiku, baada ya saa sita usiku. Mwandishi achague kisanduku, kompyuta itafute tarehe.

La pili ni umri. Mtoto wa miezi 8 anaandikwa "8" na kompyuta inamweka na wanafunzi wa darasa la pili. Ndiyo maana ile safu ya kipimo cha umri isiachwe. Ukiona kundi la miaka 5 hadi 11 limevimba na la chini ya mwaka mmoja halina mtu, rudi kwenye fomu za karatasi.

#3 Sajili

Nyongeza kuhusu majina yanayojirudia. Mgonjwa akihamishwa kutoka zahanati kwenda kambi ya kipindupindu anaandikishwa mara mbili: Asha Jumanne kule, Aisha Juma huku. Ukilinganisha herufi kwa herufi hutampata. Linganisha kwanza jinsi, umri kwa tofauti ya miaka 2, na kijiji, ndani ya siku 3. Orodha itakayobaki ni fupi, mtu aipitie kwa macho. Usiiachie kompyuta ifute yenyewe. Kwenye kaya moja kuna mapacha Hassan na Hussein, na wote wawili wanaweza kuwa wagonjwa kweli.

#4 Mchambuzi wa Ziwa

Ahsanteni. Sasa niseme kwa nini tarehe ya kuingizwa ina thamani kubwa hivyo. Chukueni namba hizi za mfano, mezani asubuhi ya leo:

Dalili zilianza siku 7 zilizopita: wagonjwa 20
Siku 4 zilizopita: 18
Juzi: 11
Jana: 6

Mkuu wa wilaya akiona 20, 18, 11, 6 atasema tumeshinda, kambi ipunguzwe. Lakini rudi kwenye orodha, chukua wagonjwa ambao dalili zao zilianza zaidi ya wiki tatu zilizopita (hao wote wameshaingia), kisha hesabu siku ngapi zilipita kati ya dalili na kuingizwa. Tuseme umepata kwamba siku moja baada ya dalili ni 30% tu ndio huwa wameshaonekana kwenye mfumo, siku ya pili 55%, ya nne 80%, ya saba 95%. Gawanya:

20 ÷ 0.95 = 21
18 ÷ 0.80 = 22.5
11 ÷ 0.55 = 20
6 ÷ 0.30 = 20

Mlipuko haujashuka hata kidogo. Kilichoshuka ni taarifa ambazo hazijafika. Hesabu hii haihitaji programu yoyote ya ajabu, na karani wa wilaya anaifanya kwa dakika ishirini akishaizoea.

Tahadhari zake. Makadirio ya jana yana upana mkubwa: 6 waliogawanywa kwa 0.30 wanaweza kuwa wametoka kwenye wagonjwa 10 au 35, kwa hiyo siku ya mwisho ichorwe kwa kivuli au iachwe. Wikiendi huchelewa zaidi, basi asilimia za Ijumaa zisitumike Jumatatu. Na asilimia zenyewe zihesabiwe upya kila wiki, kwa sababu makarani wawili wakiongezwa ucheleweshaji unabadilika ghafla, na ukiendelea kugawanya kwa 0.30 ya zamani utazua mlipuko usiokuwepo.

Tofauti kati ya 6 na 20 inaonekana stoo. Vitanda ni wanaolazwa kwa siku mara siku wanazokaa: 20 × 3 = vitanda 60, wakati ungeamini 6 ungebaki na 18. Mgonjwa wa C anapewa dripu ya mililita 100 kwa kila kilo ndani ya saa 3 (watoto chini ya mwaka, saa 6), na hadi atoke hutumia lita 8 hadi 10 za Ringer Lactate (maji ya dripu). Kama nusu ya hao 20 ni C, ni lita 80 kwa siku kwa uchache, lita 560 kwa wiki, kabla ya akiba. Oda ya dripu inachukua siku kadhaa kufika kutoka bohari ya kanda. Aliyesoma grafu vibaya Jumatatu anaishiwa Alhamisi.

#5 Kokotoo

Mleta uzi, nakuunga mkono nusu. Orodha kwanza, sawa. Ila usiwafanye watu waamini modeli ni pambo.

Septemba 2014, wakati Ebola inawaka Liberia na Sierra Leone, CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, ilitoa makadirio kwamba bila hatua zaidi, na baada ya kuzidisha kwa 2.5 kufidia wagonjwa wasioripotiwa, nchi hizo mbili zingeweza kufikisha wagonjwa milioni 1.4 ifikapo tarehe 20 Januari 2015. Mlipuko wote wa Afrika Magharibi uliishia kwenye wagonjwa takriban 28,600 na vifo takriban 11,300. Watu wakacheka namba ile. Lakini modeli hiyohiyo ilijibu swali la pili lenye manufaa zaidi: ni sehemu gani ya wagonjwa inapaswa kuwa kwenye vituo vya matibabu au sehemu nyingine salama, na mazishi yakiwa salama, ili mlipuko ugeuke? Jibu lilikuwa karibu 70%. Hilo ni lengo ambalo mtu anaweza kulijengea vitanda na timu za maziko.

Kuhusu R, yaani kila mgonjwa anawaambukiza wangapi kwa wastani. Kifurushi cha EpiEstim ndani ya programu ya takwimu ambayo nayo inaitwa R, chenye njia aliyoichapisha Anne Cori na wenzake mwaka 2013, kinahitaji vitu viwili tu: idadi ya wagonjwa kwa siku, na muda kati ya dalili za aliyeambukiza na dalili za aliyeambukizwa. Makosa ninayoyaona kila mara ni haya. Watu wanakilisha tarehe za kuripotiwa badala ya tarehe za dalili, basi R inapanda kila Jumatatu. Wanachukua muda wa ugonjwa mwingine: Ebola ya Afrika Magharibi ilikuwa kama siku 15, kipindupindu huchukuliwa kama siku 5, na ukichanganya, R yako haina maana yoyote. Na wanasoma siku za mwisho bila kurekebisha ucheleweshaji ule alioueleza mleta uzi, hivyo R ya siku za karibuni kila mara inaonekana chini ya 1, kana kwamba mlipuko unazimika, halafu wiki ijayo inakutwa ilikuwa juu.

Na kipindupindu kina mtego wake. Kama mtaa mzima umekunywa kisima kimoja, wagonjwa 30 wa siku moja hawakuambukizana, wameambukizwa na kisima. R hapo inakudanganya. Angalia umbo la grafu kwanza: mlima mmoja mkali unaoshuka ndani ya siku 5 unaashiria chanzo kimoja.

Kama unataka kitu chepesi, tumia muda wa kuongezeka maradufu. Tuseme wagonjwa wa wiki ya kwanza ni 12, kisha 19, 31, 48: kutoka 12 hadi 48 ni mara nne kwa siku 21, yaani maradufu mbili, kila moja siku 10 na nusu. Kiongozi anaelewa "siku kumi na nusu zijazo wagonjwa wa wiki watakuwa karibu mia" kuliko R 1.4 yenye mipaka yake ya makadirio kwenye mabano.

#6 Mchambuzi wa Ziwa

Mkuu Kokotoo, hapo kwenye kisima hatupingani. Naongeza vifo. Kugawa vifo vya leo kwa wagonjwa wote wa leo kunapunguza ukali, kwa kuwa wengine bado wako kitandani. SARS ya 2003 mwanzoni ilionekana inaua kama 3 au 4 kwa mia. Hesabu ilipofungwa ilikuwa vifo 774 kati ya wagonjwa 8,096, karibu 10. Ebola 2014 hesabu hiyo ya kugawa moja kwa moja ilitoa karibu nusu, lakini kwa wagonjwa ambao mwisho wao ulijulikana ilikuwa karibu 71%. Njia hii ya pili nayo ina kasoro: vifo vikijulikana haraka kuliko walioruhusiwa kwenda nyumbani, asilimia inavimba. Toa zote mbili, zikisindikizwa na idadi ya ambao matokeo yao hayajulikani.

#7 Mtu wa Maabara

Wakuu mnahesabu wagonjwa wa kipindupindu, lakini ni wangapi wana kipindupindu? Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2023, ulikadiria kwamba karibu nusu tu, kama 52%, ya wanaohisiwa kuwa na kipindupindu ndio wana vimelea vyenyewe. Wengine ni rotavairasi, E. coli na kadhalika. Kwa hiyo grafu ya wahisiwa msimu wa mvua inaweza kupanda kwa sababu kuhara kote kumepanda.

Huna vipimo vya kumpima kila mtu. Utaratibu unaofaa mlipuko ukishathibitishwa: kila kituo kipime kwa kipimo cha haraka wahisiwa 3 wa kwanza wa kila siku, na chanya chache za wiki zipelekwe maabara kuoteshwa. Wa kwanza, narudia. Nesi akiruhusiwa kuchagua, atampima aliyezidiwa zaidi, na asilimia ya chanya itapanda bila sababu. Ukishapata asilimia hiyo kwa wiki na kwa wilaya, zidisha na wahisiwa.

Andika pia idadi ya vipimo vilivyofanyika, siyo chanya pekee. Chanya 9 kati ya 12 na chanya 9 kati ya 60 ni hali mbili tofauti kabisa.

Jambo linaloua data ya maabara ni namba. Sampuli ina namba ya maabara, mgonjwa ana namba ya kambi, na hazikutani. Chapisha stika tatutatu zenye namba moja kabla mlipuko haujaanza: moja kwenye fomu, moja kwenye chupa, moja kwenye mkanda wa mkononi. Stika ziwe za kustahimili klorini. Zile za karatasi za kawaida wino unafutika mchana huohuo zikipulizwa dawa.

#8 Mguu Uwandani

Naona kila mtu yuko kwenye grafu. Swali linalofunga kisima linajibiwa na uchunguzi wa wagonjwa na wasio wagonjwa, na huu unaweza kufanyika kwa siku 3.

Chukua wagonjwa 40, wenye kipimo chanya tu. Ukichanganya wahisiwa wasio na kipindupindu, uhusiano unafifia na kisima kinapona. Kwa kila mgonjwa tafuta watu 2 ambao hawajaharisha wiki mbili zilizopita. Uliza wote maswali yaleyale kuhusu siku 5 kabla ya dalili za mgonjwa husika: maji ya kunywa kutoka wapi, yalichemshwa au kutiwa dawa, chakula cha kununua, msiba au sherehe, choo.

Mfano: wagonjwa 30 kati ya 40 walikunywa kisima X; wasiougua 28 kati ya 80. Uwiano wa nafasi (odds ratio: walikunywa kwa wasiokunywa, wagonjwa dhidi ya wasiougua) ni (30 × 52) ÷ (10 × 28) = 5.6. Hiyo ni hoja ya kumpelekea mhandisi wa maji leo, bila kungoja matokeo ya maabara ya maji, ambayo mara nyingi hurudi hasi hata kisima kikiwa ndicho chenyewe kwa sababu vimelea vimeshapita.

Pale watu wanapoharibu: wanachukua jirani wa mlango wa pili kama asiye mgonjwa. Jirani anachota kisima kilekile! Ukiwalinganisha watu wanaochota pamoja, kisima hakiwezi kuonekana tofauti. Chagua kutoka kijiji kizima kwa bahati nasibu, orodha ya kaya anayo mtendaji wa kijiji. Jirani anafaa pale unapouliza mambo ya ndani ya nyumba, kama chombo cha kuhifadhia maji.

Na data bora wakati mwingine haiko hospitali kabisa. Uvira, watafiti waliunganisha kumbukumbu za kila siku za kituo cha matibabu ya kipindupindu na kumbukumbu za kila siku za mtambo wa maji wa mji, kwa miaka mitano tangu 2009. Waliona kwamba baada ya siku ambayo bomba halikutoa maji, waliolazwa katika siku 12 zilizofuata waliongezeka zaidi ya maradufu kulinganisha na siku za uzalishaji mzuri, na karibu 23% ya wagonjwa wote walihusishwa na kuyumba kwa huduma ya maji. Daftari mbili zilizokuwepo tayari, zikakutanishwa kwa tarehe. Kila mji wa ziwani una daftari hizo mbili.

#9 Mwana Butembo

Ndugu zangu, huku Kivu ya Kaskazini na Ituri, Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na ikaisha tarehe 25 Juni 2020. Wagonjwa zaidi ya 3,400, wafu zaidi ya 2,200, ijapokuwa chanjo ilikuwepo na watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Kwa hiyo dawa na chanjo peke yake hazikutosha, na kwenye takwimu kuna funzo moja nataka mulishike.

Riposti, yaani timu za kupambana na mlipuko, ilipenda kutangaza asilimia ya waliotangamana na mgonjwa ambao walionwa siku ile. 85%, 90%. Inapendeza. Lakini inapima wale tu walio kwenye orodha. Swali kali ni hili: kati ya wagonjwa wapya wa juma hili, ni wangapi walikuwa tayari kwenye orodha na wanafuatiliwa siku dalili zilipoanza? Ikiwa wagonjwa wapya 10 na 3 tu ndio walikuwa kwenye orodha, basi minyororo mingi ya maambukizo inatembea gizani, hata kama mumewaona 100% ya muliowaandika. La pili ni wafu waliokufa nyumbani na kuthibitishwa baada ya kifo. Hao walikaa siku zote za hatari kati ya jamaa. La tatu, siku kati ya dalili na kutengwa.

Hizo tatu muziweke juu ya ukurasa kila siku, asilimia ya kuonwa ikae chini yake.

Na muulize watu sababu. Kulikuwa na kitengo cha uchambuzi wa sayansi za jamii kilichofanya kazi pamoja na wa epidemiolojia (wafuatiliaji wa mwenendo wa magonjwa): takwimu ikionyesha watu wanachelewa kufika, wao wanaenda kwenye kitongoji kuuliza kwa nini, na jibu linarudi mezani lipate mwenye kulifanyia kazi. Grafu haitakuambia kwamba mama anaogopa gari la wagonjwa kwa sababu linakuja na askari.

#10 Mwalimu wa Uwandani

Nije kwenye mafunzo, maana ndiyo kiini cha uzi.

Mfumo upo. Mafunzo ya epidemiolojia ya uwandani Kenya yalianza 2004, Tanzania 2008, na muundo una ngazi tatu: ya mstari wa mbele miezi 3, ya kati miezi 9 hadi 12, ya juu miaka 2. Mwanafunzi anabaki kazini kwake sehemu kubwa ya muda. Huo ni msingi mzuri kuliko kozi ya wiki moja hotelini.

Kasoro ninayoipigania ni kwamba data za darasani ni safi mno. Mtu anahitimu akijua kuchora, hajui kusafisha. Fanya hivi: chukua orodha ya kubuni ya mistari 300, pandikiza makosa 40 unayoyajua. Tarehe zilizogeuzwa 12, wagonjwa waliojirudia 8, miezi iliyoandikwa kama miaka 6, vijiji vilivyoandikwa kwa tahajia tatu 10, matokeo yaliyotangulia kufika 4. Wape saa 2 na nusu. Mwisho watoe ukurasa mmoja: grafu moja kwa tarehe ya dalili, jedwali moja la vijiji kwa kila watu 10,000, sentensi tatu za nini kifanyike kesho na nani akifanye. Sahihisha kwa kuhesabu makosa waliyoyakamata, na kwa kuuliza kama zile sentensi tatu zinafuata kutoka kwenye namba. Rudia kila mwezi kwa faili jipya.

Idadi ya watu msiisahau. Kijiji A wagonjwa 30 kati ya watu 15,000 ni 20 kwa 10,000. Kijiji B wagonjwa 12 kati ya 2,000 ni 60. Timu inaenda A kwa mazoea, wakati B ndiko kunakoungua. Kwa homa ya uti wa mgongo ni hivyohivyo, kizingiti cha tahadhari kwa eneo la watu 30,000 hadi 100,000 ni wagonjwa 3 kwa 100,000 kwa wiki na cha mlipuko ni 10. Bila idadi ya watu huwezi kujua umevuka lini.

Kipimo cha mfumo mzima ninachokipenda ni 7-1-7: siku 7 kugundua, siku 1 kutoa taarifa, siku 7 kukamilisha hatua za mwanzo. Jaza tarehe hizo kwa kila tukio, hata dogo, halafu andika kilichochelewesha. Baada ya matukio 10 utaona kizuizi kilekile kinajirudia, na mara nyingi ni gari la sampuli au sahihi ya mtu mmoja.

Kinachoua mafunzo: msimamizi wa mhitimu hajafunzwa, hivyo anaendelea kudai ripoti ya zamani, mhitimu anahamishwa baada ya miezi sita, hati za uchambuzi zinabaki kwenye kompyuta yake binafsi. Fundisheni wawili wawili kutoka wilaya moja, pamoja na bosi wao kwa siku 2.

#11 Sajili

Mwalimu, na faragha? Naona orodha zinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp zikiwa na majina na simu.

#12 Mchambuzi wa Ziwa

Hilo likome. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, Uganda vilevile 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kwenye grupu tuma jedwali la idadi, si orodha. Mtafiti wa nje apewe faili lisilo na majina, umri kwa makundi ya miaka mitano, na kitongoji kikiwa na wagonjwa chini ya 5 kiunganishwe na jirani. Ramani nazo: desimali 5 za GPS zinaonyesha nyumba, desimali 3 ni kama mita 110, desimali 2 ni kama kilomita 1. Kwa ramani ya hadhara tumia 2. Manusura wa Marburg katika kitongoji chenye kaya 40 anatambulika kwa umri na jinsi tu, hata jina lisipokuwepo.

#13 Bi Mkunga

Swali la mwisho kutoka kwangu: tunajuaje umeisha? Kwetu wagonjwa wakifika sifuri wiki moja, kambi inafungwa na vijana wa data wanarudishwa.

#14 Mtu wa Maabara

Dada, kwa Ebola na Marburg ni siku 42, yaani mara mbili ya siku 21 za kuatamia, zikihesabiwa tangu mgonjwa wa mwisho apimwe hasi mara ya pili au azikwe. Marburg ya Kagera mwaka 2023 ilitangazwa tarehe 21 Machi, ikafungwa tarehe 2 Juni. Ile ya Biharamulo 2025 ilitangazwa tarehe 20 Januari, ikafungwa tarehe 13 Machi.

Kipindupindu kinadai wiki 4 mfululizo ambazo wahisiwa wote waliopimwa ni hasi. Waliopimwa. Kituo kisichotuma taarifa na kituo kilichotuma sifuri viwe na alama tofauti kwenye jedwali: sifuri iandikwe 0, kimya kiandikwe HT (hakuna taarifa). Zikiwa 0 nyingi za chanya huku wahisiwa wapo na hawakupimwa, wiki hiyo haihesabiki, unaanza upya. Kwa hiyo kabla ya kufunga kambi, bakiza kila kituo vipimo visivyopungua 20 na karani mmoja mpaka wiki ya nne iishe, na mpime kila mhisiwa, si wale 3 wa kwanza tena, kwa sababu sasa ni wachache na kila mmoja ana uzito.

#15 Bi Mkunga

Nimekupata. Vipimo 20 kwa vituo 14 ni 280, na muda wa kuisha umeandikwa kwenye boksi, hivyo yale ya karibu kuisha yaende kwenye vituo vyenye wahisiwa wengi. Naandika oda leo.